Benchi la Fundi Cheche

– Pete yako hii hapa. Chukua uondoke kabla Shangazi hajatoka jikoni.

– Sindano, nimekosa nini?

– Hujakosa kitu. Chukua tu.

– Mtu anarudishiwa pete bila kosa? Harusi mwezi ujao!

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu barazani nasikiliza redio. Yaani redio nilikuwa nimeizima ili niwasikie vizuri, maana mzee naye ana haki zake. Huyo Sindano ni mjukuu wangu, fundi cherehani, nimemlea mwenyewe, na tangu anatambaa namwita mke wangu. Kijana ni Fundi Cheche, anachomelea mageti na madirisha kwenye karakana yake nyuma ya duka la rangi. Mimi namwita jina moja tu: mwizi wa mke wangu.

– We mwizi, unaachwa hata hujaondoka na mali? nikamtania, maana macho yalishamjaa maji.

– Babu, niamulie.

– Niamue nini, mwamuzi mwenyewe huyo anakuja.

Binti yangu, ndiye Shangazi mwenyewe, katoka jikoni na mwiko unachuruzika.

– Bado upo? Kila huyu mtoto akitoka kwako anarudi kama kaanikwa juu ya bati! Homa, viungo, uso mwekundu. Akikaa nyumbani wiki nzima anakuwa mzima. Kwenu kuna jambo nyie!

– Jambo gani, Shangazi?

– Unalijua wewe. Au nyota zenu zinapigana. Toka!

Cheche akatoka, pete kaishika mkononi kama kitu cha moto.

Sasa ngoja niwaambie, msije mkapotea. Sindano ana lupus. Hospitali waliiona mwaka jana, wakampa vidonge, wakamwambia jua alikimbie. Mimi darasani sikukaa sana, ila hili nililielewa haraka kwa sababu maisha yangu yote nimelinda mageti ya watu. Mwili una mlinzi wake. Kwenye lupus mlinzi analewa, anamwacha mwizi anapita, anageuka kumtandika mwenye nyumba. Leo goti, kesho ngozi, akizidi anafika mpaka kwenye figo.

Shangazi hilo hakulitaka. Alinunua unga wa mizizi, eti wa kuongeza kinga, anataka mtoto aache vidonge.

Nikamfuata Sindano chumbani.

– Mke wangu, unampenda au humpendi?

– Nampenda, Babu. Ndiyo maana.

– Ndiyo maana nini? Sema Kiswahili.

– Nikienda kwake naugua. Kila mara! Nikihamia kwake je? Anioe halafu awe nesi wangu? Anihurumie mpaka achoke? Bora nimwache angali ananipenda.

Simu yake ikalia, ujumbe. Akausoma kimya, halafu akanipa. Miwani sikuwa nayo, nikamwambia anisomee.

"Kama ni mimi ninayekuumiza, niambie nakuumizaje. Mimi ni fundi. Kitu kikiwa na kasoro nakitafuta mpaka nakiona. Usinitupe kabla sijakitafuta."

– Mwizi wangu ana akili, nikasema.

– Babu, usinichekeshe, mdomo una vidonda.

Akamjibu kwa neno moja: "Samahani." Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Mimi kwa siri nikampigia kijana simu.

– Halo, we mwizi. Kesho asubuhi uwe hospitali.

– Shangazi atanitoa na mwiko, Babu.

– Mwiko haupiti getini. Njoo.

Daktari ni binti mdogo tu, ila ana macho ya kutulia. Shangazi hakusubiri hata kukaa, unga paa juu ya meza.

– Daktari, huu unaongeza kinga. Mwambie aache hivyo vidonge.

– Ameshaanza kuutumia?

– Bado, ananikatalia.

– Afadhali. Mama, kinga ya huyu haijapungua, imekasirika. Ukiiongeza…

– Umemwongezea rungu mlevi! nikadakia.

Daktari akacheka.

– Babu, umemaliza kazi yangu.

– Basi alirogwa na nani? Shangazi kang'ang'ania. – Huu ugonjwa umetoka wapi?

– Sababu moja hatuna, mama. Mtu anaweza kuzaliwa na urithi fulani, umelala tu, halafu kitu kinauamsha. Jua, maambukizi, homoni, msongo wa mawazo, moshi wa sigara, hata dawa nyingine. Hajarogwa na hamwambukizi mtu.

– Kwa hiyo mimi sina kazi? Nikae niangalie tu?

– Unayo, tena kubwa. Chakula kisicho na chumvi nyingi. Mboga, samaki, matunda. Usingizi wa kutosha. Matembezi ya taratibu jua likishapoa. Watu wa kucheka nao. Haya yote yanaenda pamoja na vidonge, hayachukui nafasi ya vidonge. Na mti shamba wowote mniletee kwanza niuone.

Nikamwona binti yangu anakaa sawa. Mtu ukimpa kazi anaacha kelele.

Daktari akamgeuza Sindano uso, huku, kule. Akampandisha mkono wa shati.

– Huu wekundu mbona si wa kawaida? Shavu la kushoto limezidi. Mkono wa kushoto pia. Kofia unavaa?

– Navaa, na mafuta ya jua napaka.

– Cherehani iko dirishani?

– Hapana, iko kwenye kona, na pazia nashusha.

– Basi upande wa kushoto unaupeleka wapi?

Sindano akajishika shavu. Mimi ndiye niliyesema, tena kwa utani tu:

– Upande huo ndio anaompa mwizi wangu wakikaa karakana.

– Huyo anafanya kazi gani?

– Anachomelea vyuma.

Daktari akaweka kalamu chini.

– Yuko wapi?

– Nipo hapa, sauti ikatoka mlangoni. Cheche, kofia mkononi, shati la kanisani.

– Anapokuja kwako anakaa wapi?

– Nilimtengenezea benchi karibu na meza yangu, daktari, ili tuongee. Nikamwambia asiutazame moto, akae ubavu. Anakuwa na nguo za wateja anashona vifungo. Kwa kuwa ni chini ya paa anavua kofia, anakunja mikono…

Akajishika shingo.

– Mimi mwenyewe nikisahau kujifunika shingo inababuka kama nimeshinda juani!

– Mwanga wa kuchomelea una mionzi ileile ya jua, tena ya karibu, daktari akasema. – Paa halimsaidii kitu. Kila akija kwako alikuwa anaota jua kivulini.

– Kwa hiyo kweli anamuunguza! Shangazi akaruka.

– Moto wake, mwanangu, nikamwambia. Siyo nyota yake.

Sindano alikuwa analia na kucheka pamoja.

– Nilidhani ni wewe, Cheche.

– Ni benchi. Benchi linahamishika.

– Na nikiugua tena? Maana hii haiponi.

– Utaugua, nitakuwepo. Nikichoka nitasema nimechoka, nitalala, nitaamka. Kwani wewe hutawahi kunichoka?

– Nimeshakuchoka mara nyingi.

– Haya basi!

– Na watoto, daktari? akauliza Sindano kwa sauti ndogo.

– Wengi wanazaa. Lupus itulie kwanza, na mnipangie mapema nibadilishe dawa zinazohitaji kubadilishwa.

Cheche akatoa pete aliyokuwa kaifunga kwenye funguo za karakana, Sindano akamnyooshea kidole. Shangazi akamwangalia, akashika kitenge chake.

– Mwanangu, jana nilikutoa na mwiko.

– Haukunigusa, Shangazi.

– Ulikuwa na mchuzi, ungekuharibia shati. Nisamehe.

Wiki ile Cheche akajenga ukuta wa matofali katikati ya karakana. Benchi likaenda upande wa pili. Moto ukiwaka wanaongea kwa kupaza sauti, akimaliza anagonga chuma mara mbili, naye Sindano anajibu kwa mkasi, ko ko, halafu ndiyo anatokea. Vidonge anameza. Jikoni Shangazi anapima chumvi kama anapima dhahabu. Sisemi kapona. Nasema mlevi kalala.

Harusi ilifanyika ukumbini, mapazia yameshushwa. Mpiga picha akataka maharusi watoke kwenye bustani.

– Za nje kapige magari, Cheche akamwambia.

Kabla ya hapo lakini, bibi harusi alikuwa chumba cha pembeni na mimi nimekaa kwenye kiti mlangoni kwa ndani, kazi yangu ya zamani. Nikasikia kitasa kinagongwa kwa funguo, ko ko. Nyuma yangu mkasi ukajibu.

– Nani? nikauliza, kwa ukali kabisa.

– Mwizi, Babu.

Maisha yangu yote nimelinda mageti, na hakuna mwizi niliyewahi kumfungulia. Siku hiyo nikasimama, nikamfungulia.