Kamera Niliyokuwa Nikiikaribisha Chakula

"Bi Barke, anayetushambulia yumo humu ndani mwako."

Raihana aliniambia hivyo mlangoni pangu, mchana kweupe, na nyuma yake wapangaji wa jumba zima wamejazana kwenye ngazi.

Wenzangu, mimi ni mjane wa Mishomoroni. Kwenye simu najua kupokea, kupiga na kuandika haya mnayoyasoma. Nimshambulie nani?

"Umekosea nyumba, mwanangu."

"Sijakosea. Nimefuatilia waya mpaka hapa."

Raihana ndiye anayetuuzia intaneti mtaa huu. Wiki ile ilikuwa inakatika ovyo... wanafunzi hawasomi, wauza nguo hawauzi, na kila mtu anamlaumu yeye. Kampuni inayomletea laini ilishamwonya: mashambulizi ya mtandaoni yanatoka kwako, usipoyazima tunakufungia.

Akaingia. Akaikagua simu yangu, akaikagua tivii. Kisha akainua macho juu ya kabati.

"Na hii?"

Nikasimama mbele ya kabati.

Ile ni kamera ya Zuhair, mwanangu wa pekee. Yuko Doha, kazini. Alipokuja likizo aliifunga kwa mikono yake, akaniambia, "Mama, taa hii ya buluu ikimetameta, jua ni mimi nakutazama."

Na ilimetameta, jamani! Kila siku ya Mungu.

Basi nikawa natia wanja nikae sebuleni kwangu mwenyewe. Nikipakua chakula naweka sahani mbele yake, nasema kwa sauti, "Karibu mwanangu, leo ni wali wa nazi na kamba." Jirani akibisha namwambia nina shughuli. Shughuli yenyewe ndiyo hiyo.

"Wahalifu wa mitandao siku hizi hawatumii kompyuta zao," Raihana akanieleza. "Wateka vidude vya majumbani ambavyo namba ya siri ni ile ile ya kiwandani. Kamera, visanduku vya tivii. Maelfu kwa maelfu, dunia nzima. Halafu waviamuru vyote vibishe mlango mmoja kwa pamoja, na laini yetu sote yajaa."

"Mlango wa nani?"

"Wa benki, wa hospitali, wa yeyote. Ni kama watu elfu wampigie simu muuza mahamri, na hakuna anayenunua. Mteja wa kweli hapati laini. Na kila mwaka yazidi, kwa sababu kila nyumba sasa ina kidude."

"Lakini taa ile ni mwanangu."

Raihana akapanda kiti, akaigeuza kamera asome maandishi ya nyuma.

"Si ubadilishe hiyo namba, yaishe?"

"Aina hii haitibiki, Bi Barke. Ni kuichomoa."

"Ukiichomoa atakuta giza. Atadhani nimekufa."

"Basi atakupigia. Si itakuwa vyema?"

Akaichomoa. Intaneti ikarudi jumba zima, na kwenye ngazi watu wakapiga makofi. Mimi nikakaa kitini na simu mkononi, nikingoja.

Hakupiga siku ile. Wala kesho yake. Nikajiambia ana zamu... Ijumaa ikapita. Nikapiga mimi.

"Zuhair, hukushtuka kuona giza?"

"Giza la wapi, mama?"

"Kwenye kamera."

Akacheka kidogo. "Ile kamera bado ipo? Mama, nilibadilisha simu mwezi ule ule niliorudi. Sijaifungua tena, wallahi. Kazi ni nyingi."

"Si kitu, baba."

Nikakata. Nikampigia Raihana nimuulize jambo moja tu. Hao wezi, walikuwa wakiniona?

"Hapana, Bi Barke, usiogope. Sura yako hawana haja nayo. Wataka mashine tu, na taa ilimetameta kwa kuwa ilikuwa ikiwatumikia."

Alidhani ananituliza, maskini. Hakujua nilitamani aseme ndiyo. Hata mwizi hakunitazama.

Tangu hapo nikaacha kusema. Napakua, nala nimesimama jikoni, naosha sahani yangu moja.

Jumatatu mchana mlango ukabishwa. Alikuwa Mwanasaumu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mumewe anafanya kazi melini, harudi upesi. Ndiye niliyekuwa nikimwambia nina shughuli.

"Shikamoo. Waumwa?"

"Marahaba. Siumwi."

"Mbona siku hizi hunikaribishi?"

"Nikukaribishe wapi?"

"Chakula. Kila mchana nakusikia ukutani, karibu mwanangu, wanitajia mpaka kitoweo. Nami nakujibu starehe, kisha nala changu. Nilisema huyu mama ajua niko peke yangu."

Miezi yote ile nilikuwa nikiisemesha taa, na mtu alikuwa akiniitikia nyuma ya tofali.

Sikumwambia ukweli. Mpaka leo hajui, na humu kundini hayumo, kwa hivyo msimpelekee.

"Karibu mwanangu," nikasema. "Leo ni mchicha tu."

Safari hii hakujibu starehe. Alivua ndara zake akaingia.

Basi wenzangu, mwenye kidude chochote nyumbani abadilishe namba ya siri leo leo, asingoje kuja kushtakiwa mlangoni. Na wewe uliyemfungia mama yako kamera... itazame.