Mtungi wa Chini ya Sakafu

Ngo. Mlio mmoja, kama wa kidole kikigonga mtungi, ulitoka ghalani. Nawaf, rafiki yangu anayelinda eneo linalofukuliwa mabaki ya kale karibu na Madaba, Jordani, akachukua tochi.

"Ni paka, Um Rakan. Lala."

"Paka gani anayebisha hodi?" akamjibu mkewe Sabha, ambaye yeye humwita Um Rakan, yaani Mama Rakan, akamfuata.

Mchana ule Sabha alikuwa ameosha mtungi uliofukuliwa chini ya sakafu ya nyumba ya kale, akauweka ghalani. Watu wa zamani walikuwa wamezika humo mtoto mchanga. Mifupa ilishapelekwa mjini. Nawaf na Sabha nao walimzika binti yao wa siku tisa, miaka kumi na miwili iliyopita, na tangu hapo Nawaf alikataza jina lake lisitajwe nyumbani.

Nawaf alimulika ndani ya mtungi: mtupu. Lakini tochi ilipozimwa, gizani wakasikia pumzi, fupi fupi, za mtoto aliyelala. Kisha zikaanza kufifia, moja moja, kama za binti yao asubuhi ile aliyokufa.

"Mwite," Sabha akanong'ona. "Mimi ulininyima kulitaja jina lake. Basi mwite wewe, babake."

Nawaf akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye shingo ya mtungi.

"Wadha," akalitaja jina alilolikataza miaka yote ile.

Pumzi ikakatika, kama ya mtoto anayetega sikio.