Namba za Maji Mafu

Likizo ya Desemba, Samiha alikuwa na kazi moja asiyoipenda. Kila siku maji ya bahari yalipotoka, alifuatana na bibi yake, Mwanasiti, hadi kwenye shamba la mwani pale Kigombe. Alizamisha kipimajoto majini, akaandika namba kwenye simu na kuituma Tanga mjini. Akina mama wa kikundi cha wakulima wa mwani walimchagua yeye kwa kuwa yuko darasa la sita na simu haimshindi.

Namba hizo hazikusomwa kwanza na mtu. Zilipokelewa na roboti, si ile ya chuma yenye mikono, bali programu ndani ya kompyuta ya ofisi ya mradi wa mwani huko mjini. Taarifa ikiwa ya kawaida, roboti ilijibu yenyewe: "Asante, endeleeni." Ikiona jambo geni, ilikusanya taarifa za vijiji vyote na kumpelekea Bwana Himyar, mtaalamu wa mwani, ili aumize kichwa yeye.

Yakaja maji mafu. Kwa siku sita bahari haikutoka vya kutosha, na shamba likabaki chini ya maji ya kifuani. Upepo nao ulilala, jua likachoma. Hakuna aliyekwenda shambani.

"Sasa leo niandike nini?" Samiha alimuuliza rafiki yake, Tausi.

"Andika ya jana. Maji ni yale yale, kwani yameenda wapi?"

Samiha akaandika ishirini na nane. Kesho yake akaandika tena. Mara sita roboti ikajibu, "Asante, endeleeni," naye akaona kazi imekuwa mteremko.

Bamvua liliporudi na bahari ikatoka mbali tena, akina mama walikuta mwani umepauka, unakatika mkononi. Bibi Mwanasiti alishika kamba ya kwanza iliyofungiwa mwani, ya pili, ya tatu, kisha akaacha kushika. Aliketi pale pale majini na nguo zake.

Siku iliyofuata Bwana Himyar alikuja na kompyuta yake, wakakaa barazani kwa Bibi.

"Roboti inaonyesha maji yenu hayakubadilika hata kidogo," alisema polepole. "Basi kosa ni mbegu, ina ugonjwa. Poleni sana, mama zangu. Itabidi mng'oe kamba zote, hata zilizo nzima, kabla ugonjwa haujaenea."

"Zote, mwanangu?" aliuliza Bibi.

"Zote, mama."

Bibi hakubisha. Aliinuka kwenda kuchukua kisu chake. Miezi miwili ya kuinama majini ilikuwa inakwenda kutupwa, na pale barazani Samiha ndiye peke yake aliyejua namba zile zilikotoka.

"Bibi, usichukue kisu," alisema. "Zile namba si za kweli. Hatukwenda shambani. Niliandika ya jana tu."

"Siku ngapi?" aliuliza Bwana Himyar.

"Sita."

Hakumgombeza. Alizifuta namba sita, akauliza hali ya hewa ya siku hizo, akaandika: hakuna kipimo, jua kali, upepo umelala. Roboti ikapekua taarifa za nyuma na kuleta moja ya kijiji cha Ushongo, ambako mwani ulipauka vivyo hivyo.

"Ni joto, si mbegu," alisema. "Wenzenu wa Ushongo walihamishia kamba kwenye maji yanayotembea. Hapa kwenu yanatembea wapi, roboti haijui, wala mimi sijui."

"Mimi najua," alisema Bibi. "Nyuma ya mwamba, kwenye mkondo."

Kati ya kamba arobaini, walihamisha kumi na moja ambazo mwani wake ulikuwa bado haukatiki. Hizo zilishika rangi tena. Mwani wa zile nyingine ulirundikwa ufukweni, ukaoza na kunuka, na Samiha aliupita kila siku akiona haya.

Maji mafu yalipokuja tena, aliandika: "Leo hatukwenda. Sijui joto." Roboti haikusema asante. Iliuliza, "Upepo je?" Akajibu kuwa umelala. Haikupita saa, Bwana Himyar akapiga simu kuwaambia wapeleke mtumbwi wakatazame kamba.

"Umeona?" alisema Bibi, akifunga kanga yake kiunoni. "Neno 'sijui' lingetuokolea kamba ishirini na tisa. Usilionee haya, mjukuu wangu. Ile mashine iliamini ulichoiambia. Na mimi nikaiamini mashine."