Chumba Namba Saba kwa Bei ya Mnada

"Dada yangu hapana."

"Dada yako ni mke wangu."

"Mke wako tangu mwaka juzi. Dada yangu tangu nizaliwe."

"Basi nenda kanitafutie mwanamke mwingine wa kulala na mimi hotelini. Nenda. Nimekaa hapa nakusubiri."

Gia, dereva, akacheka puani. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

Walikuwa wanne kwenye chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza simu. Joto la kukaanga. Meza imejaa vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba. Mwenye duka ndiye aliyesimama, na watu walimwita Vidole, kwa sababu hakuna kitu kilichofungwa kikamshinda kufungua: simu, kufuli, sefu. Aliyekaa mbele yake ni shemeji yake. Wengine walimwita Birika, na alijua kwa nini. Ule mkono wake wa birika haukuwa siri. Watu walisema angeweza kufua karatasi ya chooni akaianika.

Wa nne alikuwa Mashuka. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda kwenye hoteli ambayo watu wa pale mtaani waliiona getini tu. Alikaa pembeni anajipepea na kipande cha boksi.

"Rudia mpango," Birika akamwambia Mashuka. "Rudia polepole, huyu bwana mdogo leo masikio yameziba."

Mashuka akarudia. Kila mwisho wa mwezi anakuja Mzee wa Vito. Analala chumba namba nane. Mawe yake, mekundu na ya kijani, yanakaa kwenye sefu ya kabatini. Mchana anashuka kula na wateja wake, mawe anayaacha. Nje ya mlango wa nane, kwenye korido, anakaa mlinzi wake. Mlinzi hasinzii, haendi chooni, hataki stori.

"Mimi nimeshajaribu stori," Mashuka akasema. "Yule ni jiwe na yeye."

Lakini kati ya namba saba na namba nane kuna mlango wa ndani. Upande wa nane una kufuli, na Mashuka anaweza kuuacha wazi akisafisha. Upande wa saba una komeo. Ukiwa saba, umeshaingia nane, na mlinzi yuko nje analinda ukuta.

"Basi mkodi saba," Vidole akasema. "Kwa nini tunahangaika?"

"Hawaikodishi. Mzee akiwepo, saba inaachwa tupu ili asisumbuliwe. Ukipiga simu wanakwambia bomba limepasuka."

"Sasa?"

"Sasa mapokezi ndio wanaojua chumba kimeachwa. Makao makuu hawajui. Wao wanaona chumba hakilali mtu, wanakitupa kwenye Nyundo."

Nyundo Vidole aliijua. Mtandao wa mnada wa likizo. Hoteli zinamwaga vyumba vilivyokosa wageni, bei inaanzia soda mbili, watu wanapandishiana. Jina la hoteli linafichwa mpaka ushinde. Unaona picha tu na idadi ya nyota. Ukishinda, umeshinda. Mapokezi hawana ubavu wa kukukatalia, maana pesa imeshaliwa juu.

"Na mwanaume peke yake kwenye chumba cha likizo ananuka polisi," Birika akasema. "Mwanaume na mke wake, mke mwenye tumbo la miezi sita? Huyo anabebewa begi."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, na hapo ukarudi.

"Kitambulisho chako ni cha kutengeneza," Vidole akasema. "Cha kwake ni cha kweli. Mambo yakiharibika, jina litakalobaki mapokezi ni la nani?"

"Hayaharibiki."

"Anajua?"

"Anajua mume wake anampeleka likizo. Mwache afurahi."

Vidole akageuza betri moja mezani. Alimkumbuka dada yake jikoni, miguu imevimba, anasema kabla mtoto hajaja angependa alale hata siku moja kwenye kitanda alichotandika mtu mwingine. Ndiye aliyemlea. Mama yao alipoondoka, dada ndiye aliyebaki na sufuria na yeye.

"Anatoka hotelini kabla sijagusa mlango," akasema mwishowe. "Gia anamrudisha nyumbani. Sitaki awepo hata getini. Bila hivyo, tafuteni vidole vingine."

"Nimekubali," Birika akasema. "Shemeji, mimi ni mnyama?"

Mashuka akajipepea kwa kasi zaidi.

*

Siku nne kabla. Saa kumi jioni.

Picha ilitokea. Kitanda kikubwa, dirisha linalotazama bwawa la kuogelea, pazia la kahawia lenye tundu la sigara kwenye pindo.

"Ndiyo hiyo," Mashuka akasema. "Hilo tundu nimelishona mara mbili. Ni saba."

Birika alikuwa ameshafungua akaunti kwa jina lake la bandia na sura yake halisi. Simu ilikuwa ya Vidole, maana ndiyo iliyokuwa na kasi, na maana Birika hakuwa tayari kununua bando.

"Gonga," Birika akasema.

"Tulia."

"Huyu mtu ameshapandisha. Gonga!"

"Shemeji, ukigonga mapema unamwambia mwenzako unakipenda. Anakupandishia mpaka utoke jasho. Mwache ajione yuko peke yake."

Mpinzani wao alijiita Bibi Mapumziko. Alikuwa anagonga kwa raha, kama mtu anayechagua nyanya. Dakika ya mwisho ikaingia. Gia akaacha kutafuna kijiti. Sekunde ishirini. Kumi. Vidole akaweka namba isiyo nzima, ya kishenzi, bei ya Bibi na senti kadhaa juu. Bibi akashtuka, akagonga. Vidole akagonga tena, na muda ukaisha.

Ko, ko, ko. Simu ikapiga sauti ya nyundo juu ya mbao. HONGERA, MSHINDI.

Gia akampiga Vidole mgongoni. Mashuka akacheka. Birika alitazama bei mpaka macho yakamtoka.

"Ungemvizia vizuri," akasema, "tungeokoa ya mafuta."

Lakini usiku ule Vidole alimsikia akimuuliza Gia jinsi ya kufungua Nyundo kwenye simu yake mwenyewe. Alidhani mtu ameonja utamu. Mnada una utamu wake. Hakufikiria zaidi.

*

Siku yenyewe. Saa saba na nusu mchana.

Vidole aliingia kwa mlango wa wafanyakazi, amevaa ovaroli ya fundi wa kiyoyozi. Mashuka alimpokea kwenye ngazi za jikoni na toroli la mashuka. Alikuwa na haraka. Vidole aliona kwamba chini ya sare yake yenye beji ya jina amevaa gauni la kutokea.

"Unaenda harusini?"

"Panda. Usianze maneno."

Korido ya juu ilikuwa kimya. Mlinzi alikaa kwenye kiti mbele ya nane, mikono kwenye mapaja, shingo kama gogo. Alimtazama Vidole kuanzia viatu.

"Kiyoyozi namba saba kinavuja," Vidole akasema.

Mlinzi akarudisha macho ukutani. Vidole akagonga saba. Birika akafungua, shati la maua, taulo begani, mtalii mtupu.

"Aa, fundi. Karibu, tunayeyuka humu."

Mlango ulipofungwa sura ya mtalii ikaanguka.

"Dada yuko wapi?" Vidole akanong'ona.

"Gia alimpitia saa sita. Nimemwambia nimepigiwa simu ya kazi, atangulie."

"Alikubali?"

"Alinuna. Wanawake. Fanya kazi."

Kitanda kilikuwa kimelaliwa upande mmoja. Kiti karibu na dirisha kilikuwa na khanga yake imekunjwa vizuri. Vidole aliiona. Alijiambia ameisahau. Mtu ukitaka kudanganywa unamsaidia mwongo.

Saa nane kasoro kumi.

Komeo lilitoka bila sauti. Kufuli la upande wa pili, Mashuka alikuwa ameliacha kama alivyoahidi. Namba nane ilinuka marashi ya mzee. Sefu ilikuwa chini ya makoti. Sefu za hotelini zimewekwa ili mgeni apate usingizi, si ili mwizi aukose. Vidole alipiga magoti, akasikiliza, akafanya anachokijua. Nje ya mlango, hatua tatu kutoka kwake, alisikia mlinzi akikohoa.

Mlango wa sefu ukalegea. Vifuko saba vya ngozi.

"Rudi nyuma," Birika akanong'ona, akamsukuma kwa bega. "Nayatoa mwenyewe."

"Yachukue yote tuondoke."

"Nachambua. Sibebi kokoto."

Hata pale, mtu anachagua. Alifungua kifuko kimoja kimoja, akimimina mawe kiganjani, akiyainua kwenye mwanga kama anayenunua maharage.

Ko, ko, ko.

Wote wawili waliganda. Kwenye korido kiti kikatoa mlio. Vidole alidhani mlinzi anagonga mlango. Kisha akaijua ile sauti. Ilitoka saba, kwenye begi lake la spana juu ya kitanda. Akakimbia kwa vidole vya miguu, akaichomoa simu, akaiziba kwa kiganja.

HONGERA, MSHINDI. Vila ya watu wawili, ng'ambo ya mpaka, kuanzia leo usiku. Umelipia nusu bei kama mshindi wa mara ya pili. Wageni: lile jina la bandia la Birika. Chini yake, jina la mwanamke. Vidole alilisoma mara mbili. Lilikuwa jina ambalo kama nusu saa tu iliyopita aliliona kwenye beji, juu ya sare iliyofunika gauni la kutokea.

Hakukuwa na cha kufikiria. Kila kitu kilijipanga chenyewe. Birika angefungua akaunti nyingine, hakuna ambaye angejua. Lakini akaunti mpya haina nusu bei. Na Birika hakujua kwamba akaunti inapiga kelele kwenye kila simu iliyowahi kuifungua.

Kadi ya kufungulia ikalia mlangoni. Dada yake akaingia, nywele zimelowa, taulo la hoteli limezunguka tumbo.

Wakatazamana.

"Wewe unafanya nini hapa?" akauliza. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Mbona umevaa hivyo?"

"Gia hakukupitia?"

"Gia? Nipo bwawani tangu asubuhi. Mume wangu kaniambia nisipande mpaka saa tisa, ati analala." Macho yake yalimvuka ndugu yake, yakaenda kwenye mlango wa ndani uliokuwa wazi, yakamkuta mume wake amechuchumaa mbele ya sefu ya mtu, kiganja kimejaa mawe.

Birika alitabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri, hilo lazima lisemwe.

"Mke wangu," akanong'ona. "Punguza sauti. Kuna mtu nje. Ni zawadi ya mtoto. Nitakueleza."

"Nieleze."

"Tukifika nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, shemeji?" Vidole akasema, akampa dada yake simu.

Alisoma. Alikuwa msomaji wa polepole, midomo ikimfuata. Tone la maji lilitoka kwenye nywele likaangukia kioo, akalifuta kwa kidole gumba, akaendelea. Akasoma mpaka mwisho, hata ile sehemu ya kifungua kinywa bure.

"Huyu ndiye anayenitandikia kitanda?" akauliza.

"Ndiye."

"Na kitambulisho changu kiko mapokezi."

"Ndiyo."

"Usimsikilize," Birika akasema. Alikuwa amesimama sasa, mawe anayamwaga mfukoni, anakuja. "Huyo mdogo wako ana wivu. Vila ni ya kazi. Mpenzi, nisikilize, mimi na wewe—"

Dada alifunga mlango wa ndani. Hakuubamiza. Aliusukuma kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto, akalisukuma komeo mpaka mwisho.

Kimya. Halafu kukwaruza. Kucha juu ya mbao, taratibu, taratibu sana, maana Birika hakuweza kugonga. Akigonga, mlinzi anasikia. Nyuma yake alikuwa na mlango mmoja tu, na nje ya mlango huo alikaa mtu asiyetaka stori.

"Fungua," ilikuja pumzi kutoka upande wa pili. "Fungua, nakuomba. Nitakugawia nusu."

Dada yake alivaa kandambili. Akachukua khanga kwenye kiti, akajifunga, akafunga vizuri, bila haraka.

"Na wewe," akasema bila kumtazama. "Ulijua naletwa huku kwa nini?"

"Nilisema utolewe kwanza. Niliweka sharti. Muulize mtu yeyote."

"Sikukuuliza uliweka sharti gani."

Vidole akatazama kitanda. Kucha zilikuwa zinakwaruza. Alitaka kumwambia juu ya kile kitanda, kwamba alifikiria angalau atalala, angalau siku moja. Ikawa aibu hata kuianza.

"Nilijua," akasema. "Hiki chumba nilikishinda mimi."

Dada akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na akaikubali.

"Mapokezi ni mbali kidogo, na mimi sasa hivi natembea polepole," akasema. "Nikifika nitawaambia wapige polisi, na nitawaambia jina langu kabla hawajaniuliza. Gia na gari lake nitamtaja, pamoja na huyo bibi harusi mpya wa mume wangu. Wewe utakuwa umefika wapi, shauri yako."

"Dada."

"Usiniite."

Akafungua mlango wa korido. Mlinzi akainua macho. Akamwinamishia kichwa kwa heshima, kama anavyoheshimiwa mama mjamzito, naye akamwitikia. Kisha akaupa mgongo mlango wa saba, mkono mmoja kiunoni, akaondoka kuelekea kwenye ngazi, kandambili zikipiga sakafu, na hakugeuka.