Msichana wa Manukato na Kijana wa Mvinyo

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, pale Paarl, Afrika Kusini, duka kubwa lilijaa hadi mikokoteni ikawa inagongana. Jolene Kammies alisimama kwenye meza yake ya manukato, gauni la bluu limemkaa sawasawa, nywele kazifunga kwa kitambaa cha njano, akimpulizia kila anayepita. Akampulizia kijana mmoja mrefu mwenye madoa ya mvinyo vidoleni. Kijana akapiga chafya mfululizo, watu wakageuka.

"Umeniua, dada," akasema akifuta macho.

"Ukifa hapa utaniharibia biashara. Kafie kule kwenye sabuni."

Huyo alikuwa Wynand Loubser wa shamba la zabibu la Tweevye, lililo mikononi mwa ukoo wao tangu enzi za babu wa babu zake. Alikuja kumtafutia dada yake zawadi. Akaondoka na chupa ambayo hakuijali na namba ya simu ambayo aliijali sana.

Wakawa wanapigiana kila jioni. Wynand alimwita Jolene ua langu, Jolene akamwita Chafya. Mapenzi yakakolea. Lakini Jolene alikuwa na hofu moja iliyomkaa rohoni. Bibi yake alivuna zabibu Tweevye maisha yake yote na hakuwahi kupita mlango wa mbele wa ile nyumba nyeupe ya wenye shamba. Mama yake, Ma Sarie, alimwambia waziwazi kwamba wale watu watamchekea leo na kesho watamrudisha. Wynand akaapa sivyo. Mavuno yakianza, alisema, atampeleka nyumbani kwao, kwa mama yake mwenyewe, mbele ya watu wote.

Kuna jambo hakumwambia, na hapo ndipo vijana wengi hujikwaa. Wakati wa mavuno, kila asubuhi familia ile huonja mvinyo wa matangini kwa pua na ulimi, na hakuna anayekaribia akiwa na harufu yoyote mwilini. Hata vitunguu havikaangwi mpaka wamalize. Wynand aliona haya kumwambia msichana anayeishi kwa manukato kwamba asijipulizie. Akajisemea atamwambia kesho. Kesho ikapita.

Asubuhi aliyoalikwa, Jolene akaja na gauni jeupe la lesi, viatu vipya, na manukato yake bora nyuma ya masikio. Ndani ya ghala la mvinyo watu walisimama na glasi, kimya kama kanisani. Wynand alipomwona akamwahi mlangoni, mkono juu.

"Usiingie humu, Jolene. Rudi nje kwanza."

Vichwa vyote vikageuka. Mama yake Wynand, Elmarie, ambaye wote humwita Tannie, yaani shangazi, akamtazama juu ya glasi. Jolene akageuka akatoka. Wynand alitaka kumfuata amweleze, lakini bomba lilichomoka na mvinyo ukawa unamwagika. Alipotoka, msichana alikwisha kwenda, na simu kaizima.

Kesho yake Jolene hakutoka chumbani. Ma Sarie hakumsimanga. Alimletea chai, akaketi kitandani, akamwambia amuulize kijana mwenyewe. Kama ni kuachana, waachane kwa jambo analolijua. Mchana Jolene akawasha simu. Akampigia Wynand. Ikaita hadi ikakatika. Akarudia, vilevile. Ndipo akapiga simu ya nyumbani kwao, na Tannie Elmarie akapokea.

"Tannie, ni Jolene. Yule mliyemfukuza jana."

"Nani kakufukuza, mtoto? Ulikuwa unanukia. Hakukwambia? Msimu huu hata mimi sijipaki mafuta. Mwaka juzi tulimtoa mchungaji wetu kwa sababu ya mafuta yake ya ndevu."

Jolene akacheka huku analia. Akasema Wynand hapokei simu. Tannie akamtuliza: hajala tangu jana, yuko ghalani na mzee Dawid, mfanyakazi wao, wanatoa maganda ya zabibu kwenye tangi. Halafu sauti yake ikabadilika.

"Lakini Dawid huyu hapa uani, anakula mkate wake."

Kila mtu wa mashamba yale anajua. Zabibu zikichacha hutoa hewa isiyoonekana, inatuama ndani ya tangi, na anayeivuta huanguka asiamke. Ndiyo maana kazi ile ni ya watu wawili, mmoja akimlinda mwenzake. Jolene akasikia simu ikigonga meza, kiti kikianguka, jina la Wynand likiitwa mbali. Kisha jokofu tu likinguruma. Akaishika simu kwa mikono miwili, na Ma Sarie akamshika yeye.

Hatimaye pumzi nzito ikarudi sikioni. "Yuko nje. Anapumua. Kichwa na mabega tu ndivyo vilivyokuwa ndani, Dawid kamvuta kwa buti. Anakuulizia wewe, mjinga huyu."

Jirani akawapeleka na gari lake. Wynand alikuwa chini ya mwaloni, blanketi mabegani, rangi ikianza kumrudia, na mtu wa ambulansi bado akimpima. Jolene akamsogelea, akampiga kofi dogo la bega, kisha akamkumbatia hadi blanketi likadondoka.

"Nilidhani unanionea haya."

"Nilijionea haya mimi mwenyewe. Nikakukosa, nikaingia kule kichwa hakipo. Nioe... nataka kusema, nikuoe. Kichwa bado kinazunguka."

Tannie Elmarie akamshika mkono Ma Sarie na kumpeleka ndani akanywe kahawa. Wakaingia kwa mlango wa mbele, na Ma Sarie akafuta viatu vyake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Nitakubali," Jolene akasema, "ukinitajia kwanza kila sheria ya shamba hili. Zote, Wynand. Usiniwekee hata moja ya kesho."

"Ya kwanza, hakuna anayeingia tangini peke yake."

"Hiyo nimeisikia kwa masikio yangu," Jolene akasema, akamfunika tena blanketi. "Endelea."