Mpira wa Saba

Kila siku akirudi kutoka shule, Chiriku alivua sare, akanywa maji, kisha akapita mlango wa jikoni na kuingia gerejini. Mama yake alikuwa fundi wa magari, na gereji ilikuwa chumba kikubwa chenye sakafu ya saruji nyuma ya nyumba yao. Jina la Chiriku alipewa na mama huyo huyo, kwa sababu binti yake wa miaka kumi na miwili aliongea tangu alipoamka hadi aliposinzia.

Alikuwa na kazi yake maalumu, naye aliipenda. Injini ikiwa imepoa kabisa, aliibonyeza kwa vidole mipira inayopitisha maji ya kupoza injini. Mpira mzima hubonyea kidogo kisha hurudi. Uliochakaa huwa mgumu kama ubao, au una nyufa, au umelainika na kuvimba. Kila mpira uliomridhisha aliutia alama ya chaki nyeupe. Sheria ya gereji ilikuwa fupi: mkono kwanza, chaki baadaye. Mama alipoona chaki, hakukagua tena.

Ijumaa moja waliletewa gari dogo la spoti, jekundu, la milango miwili, lenye umri mara mbili ya ule wa Chiriku. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno aliyestaafu. Kesho yake asubuhi angempakia mkewe wavuke mlima kwenda kumwona dada wa mkewe, ambaye hawakuwa wameonana naye kwa miaka mitatu.

"Nibadilishie oili, fundi, ukague na mipira ya maji," alisema daktari.

"Na mkanda wa taimingi?" mama aliuliza. "Ule mkanda wenye meno ukikatika njiani, vyuma vitagongana ndani na injini itakufa papo hapo."

"Mkanda uache. Tuliubadilisha juzijuzi, na tangu hapo gari halijatembea hata kilomita elfu sita."

"Juzijuzi ya lini, Daktari?"

"Juzijuzi tu. Meno ya mkanda siyajui, mimi ni wa meno ya watu," alisema akicheka, akaondoka kwa miguu.

Jioni ile Chiriku alikuwa na mazoezi ya kwaya. Alikuwa ameshavaa shati jeupe alipokumbuka kazi yake. Alibonyeza mipira sita, akaitia alama. Wa saba ulijificha nyuma kabisa, chini ya kifuniko cha mkanda, mahali penye giza na uchafu.

"Ukijipenyeza hapo, shati litaenda kwaya likiwa jeusi," alisema kaka yake, aliyekuwa akimshikia tochi. "Watadhani umetoka kuchoma makaa."

Chiriku alitazama saa ya ukutani. Akaokota kipande cha waya, akafunga chaki kwenye ncha yake, akakipitisha kati ya vyuma mpaka alama nyeupe ikatokea kwenye mpira wa saba.

"Mhandisi huyo," kaka yake alisema, akicheka. Chiriku naye alicheka, akakimbilia kwaya.

Lakini kwenye kwaya alikosea mara mbili mahali pa kuanza kuimba. Kila alipofumba macho aliiona ile alama.

Jumamosi asubuhi mama aliwakusanya gerejini, kama alivyofanya kila siku kabla ya kushika spana. Wote watatu waliinamisha vichwa.

"Ee Mungu," mama aliomba, "walinde wote watakaopanda magari yaliyopita mikononi mwetu. Kama kuna tulichokosea, utuonyeshe mapema."

Chiriku hakuweza kusema amina. Alienda kukaa juu ya tairi kuukuu, mikono katikati ya magoti.

"Leo chiriku wangu amemeza nini?" mama aliuliza, akifuta vikombe vya chai. "Nusu saa nzima sijasikia neno."

"Hakuna kitu, mama."

Mama alipoingia jikoni, kaka yake alimsogelea. "Ni ule mpira, eh? Nyamaza tu. Sita ni mizima, wa saba utakuwaje mbovu? Ukisema, mama ataaibika mbele ya mteja."

Wakati huohuo daktari aliingia na mkewe, bibi mwembamba aliyebeba kapu la zawadi. Mama akarudi kutoka jikoni, akampa daktari ufunguo. Mke wa daktari akaketi ndani ya gari na kuweka kapu mapajani. Mlango ukafungwa. Chiriku aliwaza barabara ya mlimani, kona zake, na yule bibi ndani ya gari. Aliomba kimoyomoyo, maneno mawili tu: nipe nguvu. Kisha akasimama mbele ya gari.

"Babu daktari, shikamoo. Naomba usiwashe."

"Marahaba. Kuna nini, mjukuu wangu?"

"Mpira wa saba sikuushika. Niliutia chaki kwa waya, sikutaka kuchafua shati. Mama hajui. Kosa ni langu."

Mama aliweka kitambaa mezani polepole. Chiriku alingoja karipio, lakini mama alifungua boneti tu na kumpa tochi.

"Haya. Kaushike sasa."

Chiriku alijipenyeza mpaka shavu likagusa chuma. Vidole vyake viliufikia mpira, vikazama. Ulikuwa umelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Alipovuta mkono, ulikuwa mweusi na unateleza.

"Mama, ni oili hii."

"Mpira wa maji unapataje oili?" mama alijiuliza. Akachukua spana, akafungua kifuniko cha mkanda, akamulika ndani. Kisha akamwita daktari.

Raba iliyozuia oili isivuje ilikuwa imekauka kwa uzee. Oili ilikuwa imelowesha mkanda, ikadondokea mpira wa saba na kuulainisha. Mkanda wenyewe ulikuwa na nyufa ndogondogo, na meno mawili yalikuwa yameanza kung'oka.

"Mkanda huu usingefika nusu ya mlima," mama alisema.

Daktari alivua miwani. "Lakini tuliubadilisha juzijuzi."

"Juzijuzi?" mkewe alisema kutoka ndani ya gari. "Ni mwaka ule mjukuu wetu alipozaliwa. Yuko darasa la tatu sasa."

Hata mama alishindwa kuzuia kicheko. Kisha akaeleza, "Daktari, mkanda nao ni mpira, na mpira hauchakazwi na safari peke yake. Joto na miaka huula hata gari likiwa limelala. Kitabu cha gari hili kinasema mkanda ubadilishwe baada ya kilomita elfu themanini au miaka mitano, kitakachotangulia. Kwako miaka imetangulia zamani. Ilinipasa nikifungue kitabu hicho mbele yako jana. Hilo ni kosa langu, unisamehe."

"Wagonjwa wangu walikuwa hivihivi," daktari alisema. "Wananionyesha jino la mbele, linalouma liko nyuma. Sikujua na mimi ni mmoja wao."

Dada wa mkewe alipigiwa simu, akasema Jumanne wanakaribishwa vilevile. Kwa siku mbili mama alibadilisha mkanda, kigurudumu cha kuukaza, raba za oili na pampu ya maji, kwa kuwa vyote hufikiwa kwa kufungua mahali pamoja. Alibadilisha na mipira yote saba, maana ilikuwa na umri mmoja. Chiriku alifanya kazi naye akiwa na fulana kuukuu, na kaka yake alishika tochi bila utani.

Jumanne jioni simu ya mama iliita. Aliongea kidogo, akacheka, akairudisha mfukoni.

"Wamefika. Injini haikuchemka hata kidogo."

Chiriku alishusha pumzi. "Mama, bado umenikasirikia?"

"Kwa mwezi mzima nitakagua tena kila unachokagua. Hilo halina mjadala." Mama alimvuta karibu yake kwenye benchi. "Lakini nisikilize, mwanangu. Kushindwa kufika mahali si dhambi. Mimi mwenyewe ziko kazi nyingi ambazo mkono wangu haufiki. Ubaya ni kuonyesha umefika wakati hukufika, kwa sababu hapo hakuna mwingine atakayekwenda. Mtu akiniambia 'hapa sikufika,' nitakwenda mimi."