Barua za Chumba cha Ndani

Ndugu zangu wa Kibiti na wa Delta yote, ninayoyaeleza yalitokea nyumbani kwa shemeji yangu Ridhiwani, nilipokuwa nikikaa kwake na dada yangu Sihaba. Ilikuwa miaka ile soko huria limeshafika hadi kwetu, na simu za mkononi zinauzwa hata kwenye maduka ya chumvi.

Nyumba ilikuwa na raha. Baada ya alasiri Sihaba alikaa ukumbini akisuka ukili, na Ridhiwani akipita humtania, "Mkeka huu utaisha mimi ningali hai?"

"Ukiacha kuukalia, utaisha."

Ridhiwani alikuwa fundi wa kompyuta wa chama cha akina mama. Kompyuta mbili za chama zilikuwa kwake. Ya sebuleni ilibeba tovuti ambayo dunia nzima iliitazama: mikeka, mchele, kaa wa Maparoni. Ya chumbani ilitunza barua za wanawake walioleta shida zao za ndoa; Sihaba ndiye aliyezipokea na kuzinakili humo. Waya mmoja uliziunganisha, na ile ya chumbani haikuwa na neno la siri. Sihaba alipouliza sababu, mumewe alicheka.

"Mwenye nyumba anapiga hodi kwake? Hodi ni ya mtu wa nje. Hii ya sebuleni ni mtu wa ndani. Ikiagiza kitu, ipewe."

Ndivyo tulivyolelewa, nanyi mnajua. Kwetu mtu wa ndani haulizwi.

Kwenye tovuti aliweka kiprogramu cha nyongeza, wenyewe wanakiita plagini, alichokipata bure. Mgeni akiandika anwani ya picha iliyo popote, tovuti inakwenda kuichukua na kumwonyesha. Kila asubuhi yalitokea maandishi mekundu: kiprogramu hiki kina kasoro, weka kipya. Shemeji aliyafunga kama mtu anayefukuza nzi.

Siku moja Mwantum wa Maparoni aliingia mbio, ushungi umemwanguka. Barua yake, aliyoeleza mumewe anavyompiga, ilikuwa imesomwa kwa sauti kwenye mashine ya kukoboa mpunga, neno kwa neno.

"Sihaba, umeniua!"

"Wallahi sikufungua kinywa."

"Basi imetokaje? Karatasi ina miguu?"

Ridhiwani alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mkewe tu.

Tangu hapo ikawa kikulacho ki nguoni mwako, asubuhi na jioni. Sihaba akienda sokoni, mumewe anatazama saa. Akirudi, anapekua kikapu chini ya mchicha. Jirani akija kuomba moto, anaulizwa amekuja kusikiliza nini. Nami aliniita.

"Dada yako anazungumza na nani?"

Nilinyamaza kwa haya. Ukimya wangu akaufanya ushahidi.

Barua ya pili ilipotoka, Sihaba alikuwa peke yake nyumbani. Shemeji alirudi amekunja uso.

"Kila siri inatoka ukiwa ndani wewe. Nimekuacha. Kusanya vyako."

"Umeiuliza hiyo mashine yako, Ridhiwani?"

"Mashine haina ulimi."

Tukaenda Ngorongo kwa wazazi, dada yangu akaanza kukaa eda. Miezi ikapita. Siku moja barua ya tatu ikatoka, na Sihaba hayupo. Hapo ndipo Ridhiwani alipomwita rafiki yake Nassibu, fundi wa Dar es Salaam. Haya nimeyasikia kwa Nassibu mwenyewe. Alifungua mahali ambapo kompyuta huandika kila inachoombwa.

"Soma hapa. Mtu wa nje hakuandika anwani ya picha. Ameandika anwani ya kompyuta yako ya chumbani. Plagini ikaenda, ikachukua barua, ikamkabidhi."

"Lakini ile ya chumbani inaikubali sebule peke yake!"

"Na aliyekwenda ni nani? Si hiyo sebule? Nani aliiuliza imetumwa na nani? Bwana, dini yetu inawataka hata watoto wa ndani waombe ruhusa nyakati tatu kwa siku. Wewe mashine hukuitaka hata mara moja."

Kumbe mume wa Mwantum, aliyeshuku kuwa mkewe anamshtaki chamani, alikuwa amemtafuta mjuzi wa mjini, na mjuzi huyo hakukomea barua moja.

Ridhiwani alifika Ngorongo siku ya nne baada ya eda kwisha. Alilia mbele ya baba, akaomba ndoa ifungwe upya. Sihaba alijibu kutoka nyuma ya pazia.

"Mashine uliiletea mtu aipekue mpaka ukaijua kweli yake. Mimi ulinipekua kikapu. Nimekusamehe, Ridhiwani. Kurudi sirudi."

Chama nacho kimekufa. Hakuna mwanamke anayepeleka barua tena.

Mafunzo

Ndugu zangu, anayekuja kutoka ndani naye aulizwe ametumwa na nani, awe mtu au mashine. Kitu cha bure ukikiingiza nyumbani, kijue kazi yake, na kikikuonya kuwa ni kibovu, usikizibe mdomo. Msiwashuku wake zenu kabla ya kuchunguza. Nasi tunaojua kuwa mtu hana kosa, tuseme, hata sauti ikitetemeka.

Kuweka kiprogramu kipya kungemchukua Ridhiwani asubuhi moja. Mwantum alivunjwa mkono na mumewe kabla hajakimbilia kwa kaka yake Kiongoroni. Mkono umeunga vibaya, na mpaka leo hawezi kushika ungo.